Cheti cha Kliniki Kinapofika Darasani

Mtaalamu wa macho anaandika 6/60 katika cheti cha mtoto mwenye ualbino. Mama anakikunja cheti, anakiweka pamoja na kadi ya kliniki, na Jumatatu asubuhi anampelekea mwalimu wa darasa la pili. Maana ya kitabibu ya tarakimu hizo ni wazi: mtoto huyu akisimama mita 6 kutoka kwenye chati ya herufi, anaona kile ambacho mtu asiye na tatizo la macho angekiona akiwa mita 60. Mwalimu anasoma, anarudisha cheti kwa mama, na kwa kuwa hakuna aliyemweleza jambo jingine la kufanya, anamhamishia mtoto kwenye dawati la mbele.

Dawati la mbele ni mwanzo mzuri. Hata hivyo, iwapo dawati hilo liko kando ya dirisha lisilo na pazia, mwanga wa saa nne asubuhi utamsumbua mtoto kuliko alipokuwa amekaa nyuma, kwa sababu macho yenye upungufu wa rangi hayana kinga ya kutosha dhidi ya mwanga mkali. Aidha, macho ya watoto wengi wenye ualbino hayatulii. Huchezacheza kutoka upande hadi upande. Mtoto mwenyewe hugundua, bila kufundishwa na mtu, kwamba akigeuza kichwa kidogo na kutazama kwa pembe fulani, mchezo huo hupungua na herufi husomeka. Mwalimu asiyejua hilo humwona mtoto anayemtazama kwa kisirani. Humshika kidevu, akamnyoosha: "Nitazame usoni ninapozungumza nawe." Alikusudia kumfunza adabu, kumbe amemnyang'anya pembe pekee ambayo mtoto alikuwa akiona vizuri.

Lipo kosa kubwa zaidi ya hilo. Kwa miaka mingi, katika shule na vitengo vya wasioona vya ukanda huu wa Afrika, watoto wenye uoni hafifu wamefundishwa maandishi ya nukta nundu sawa na wenzao wasioona kabisa. Matokeo yake yangechekesha kama yasingehuzunisha: mtoto huinamia karatasi na kuzisoma nukta kwa macho, akifuata vivuli vyake, ilhali zimetengenezwa kusomwa kwa ncha za vidole. Mtoto anayeweza kuona kivuli cha nukta yenye kimo cha karibu nusu milimita anaweza, akipewa kioo cha kukuza, maandishi makubwa na meza iliyoinamishwa, kusoma kitabu kilekile wanachosoma wenzake. Hakuna daktari aliyeagiza mtoto huyo apelekwe kwenye nukta nundu. Lakini pia hakuna daktari aliyeandika kwamba asipelekwe.

Anayeweza kuliziba pengo hilo ni mwalimu wa elimu maalumu aliyesomea fani yake kwa kina, na kwa hali ya shule zetu ilivyo leo, kina hicho hupatikana zaidi katika ngazi ya uzamili. Wahudumu wengi wa afya hawajui kwamba mtaalamu wa namna hiyo yupo, achilia mbali kujua anachojifunza. Wazazi nao huambiwa tu kwamba mtoto "apelekwe shule maalumu", kana kwamba jengo ndilo linalofundisha.

Elimu maalumu nchini Tanzania ilianzia katika shule chache za misheni, kila moja ikihudumia ulemavu wa aina moja. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950; shule ya viziwi ya Tabora ikafuata mwaka 1963 chini ya Kanisa Katoliki. Katika mpangilio huo, mwalimu alihitaji stadi mahususi na chache: nukta nundu, au lugha ya alama, au namna ya kumfundisha mtoto mwenye ulemavu wa akili kujihudumia. Kozi za astashahada na stashahada, kama zile ambazo Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha kimekuwa kikizitoa, zilikidhi haja hiyo kwa kiasi kikubwa, na hadi leo ndizo zinazobeba mzigo mkubwa wa kazi. Hazistahili kubezwa.

Hali ilibadilika pale ambapo mtoto alitakiwa asome shule iliyo jirani na nyumbani kwao. Mwezi Juni 1994, wawakilishi wa serikali 92 na mashirika 25 ya kimataifa walikutana Salamanca, Hispania, wakakubaliana kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kwa hiyo watoto ambao zamani wangekusanywa Buigiri au Tabora sasa wametawanyika katika shule za kata mbalimbali: mmoja hasikii vizuri, mwingine ana usonji, wa tatu anaanguka kifafa, na wote wako katika darasa la wanafunzi themanini. Mwalimu aliyefundishwa ulemavu wa aina moja hawezi kuwahudumia hao wote peke yake. Panahitajika mtu anayeweza kumpima mtoto kielimu, kusoma ripoti ya hospitali, kuandaa mpango binafsi wa ujifunzaji, na kisha kuwafundisha walimu wengine wa kawaida namna ya kuutekeleza. Kazi hiyo ya mwisho, ya kuwa mshauri wa walimu wenzake, ndiyo hasa inayotenganisha shahada ya uzamili na kozi za chini yake.

Majirani walianza mapema kidogo kujenga ngazi hizo. Kenya ilianzisha vituo vya upimaji wa kielimu wa watoto wenye ulemavu mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya nchi hiyo, KISE, ikaundwa mwaka 1986 kwa ajili ya kozi za walimu walio kazini. Juu yake zikaja idara za vyuo vikuu, hususan Kenyatta na Maseno, ambako mwalimu anaweza kuendelea hadi uzamili na uzamivu. Uganda ilikuwa na taasisi yake ya taifa ya elimu maalumu, ambayo mwaka 2003 iliunganishwa na vyuo vingine viwili kuunda Chuo Kikuu cha Kyambogo; hapo elimu maalumu ina kitivo kizima pamoja na utengamao, jambo linaloonyesha kwamba waasisi wake waliona mapema kuwa darasa na tiba ni majirani.

Wengi wa wahadhiri waliozianzisha programu hizi walisoma ng'ambo. Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kwa muda mrefu kilipokea walimu kutoka Afrika katika shahada yake ya uzamili ya elimu maalumu iliyofundishwa kwa Kiingereza, wengi wao kwa ufadhili wa serikali ya nchi hiyo. Ufadhili huo umekoma, na tangu mwaka 2023 Norway inatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya. Mlango huo umekuwa mwembamba. Pengine si hasara tupu, kwani yapo mambo ambayo mwalimu wa Kiswahili hawezi kuyajifunza Oslo, kama usikivu utakavyoonyesha.

Mwanafunzi wa uzamili anayejikita katika ulemavu wa kusikia husoma muundo wa sikio, fizikia ya sauti na usomaji wa audiogramu, yaani ile grafu inayoonyesha mtoto anasikia sauti za kina na nyembamba kwa kiwango gani cha desibeli. Hujifunza kwamba sauti hupungua kwa takribani desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Sauti ya mwalimu yenye desibeli 65 kwa umbali wa mita 1 hufika mita 2 ikiwa na 59, mita 4 ikiwa na 53, na mita 8, lilipo dawati la nyuma, ikiwa na 47. Darasa lenye watoto wengi na sakafu ya saruji linaweza kuwa na kelele za desibeli 60. Hivyo basi, kuanzia mita 2 tu sauti ya mwalimu inamezwa. Mtoto mwenye masikio mazima hujazia kwa kukisia. Mtoto mwenye upungufu wa usikivu hana cha kukisia nacho. Shimesikio halimsaidii sana hapo, kwa kuwa hukuza kelele pamoja na sauti. Na mvua za masika zikianza kupiga juu ya bati, mwalimu mwenye busara huacha kuzungumza, huandika ubaoni.

Hadi hapo vitabu vya Ulaya vinatosha. Asubuhi, mwalimu aliyefunzwa hufanya kipimo cha dakika moja kinachotumika duniani kote: hufunika mdomo wake asionekane, kisha hutamka sauti sita, a, u, i, m, s na sh, na mtoto huzirudia au huinua mkono kila anapoisikia. Sauti hizo zimechaguliwa kwa sababu zinatapakaa kutoka masafa ya chini hadi ya juu ya usemi wa binadamu. Mtoto asipoisikia hata moja, huenda betri imekwisha. Akikosa s na sh pekee, pengine kifaa hakijarekebishwa vema, au usikivu wake umeshuka na arudi kliniki. Kwa bahati njema sauti zote sita zimo katika Kiswahili, na mzazi yeyote anaweza kukifanya kipimo hiki nyumbani kabla ya chai.

Lakini Kiswahili kina mitego yake. Katika Kiingereza, taarifa nyingi za sarufi hukaa mwishoni mwa neno. Katika Kiswahili hukaa mwanzoni, katika viambishi, wakati mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa maneno mengine, sehemu inayobeba maana ya nani na lini ndiyo inayotamkwa kwa nguvu ndogo. Hebu msomaji atamke "atakuja", kisha "hatakuja". Tofauti kati ya ahadi na kukanusha ni pumzi ya h peke yake, mojawapo ya sauti dhaifu kabisa katika usemi. Hata baadhi ya wazungumzaji wenye masikio mazima huidondosha. Mtoto mwenye upungufu wa kadiri wa usikivu akiambiwa "baba hatakuja leo", anaweza kusikia kwamba baba atakuja. Atangoja mlangoni hadi usiku. Kesho yake atasemwa kuwa ni mtoto asiyeelewa.

Ni sauti zipi za Kiswahili zinazopotea kwanza? Ni orodha gani ya maneno itumike kumpima mtoto wa Tanga au wa Kigoma badala ya orodha iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza? Maswali ya namna hii ndiyo yanayostahili tasnifu za uzamili, na yatajibiwa na mtu anayekizungumza Kiswahili na aliyefundishwa fonetiki na elimu ya usikivu kwa pamoja.

Uzito wa jambo hili umeongezeka tangu mwaka 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza kupandikiza vifaa vya usikivu vya ndani ya sikio. Kabla ya hapo watoto walipelekwa nje ya nchi, hasa India. Familia nyingi huamini kwamba upasuaji ukikamilika mtoto atasikia kama wengine. Kwa kweli, kifaa huwashwa wiki kadhaa baadaye, na siku hiyo mtoto husikia kelele zisizo na maana, wengine hulia. Ubongo unahitaji miezi na miaka ya mazoezi ili ujifunze kuwa kelele ile ni mlango, ile ni jina lake, ile ni mama anaita. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache mno, wengi wako mijini, na mtoto huwaona kwa saa chache. Mwalimu humwona saa tano au sita kila siku ya shule. Kifaa cha mamilioni ya shilingi kinaweza kuishia kabatini kwa sababu tu hakuna mtu shuleni anayejua kubadili betri, kukagua sumaku, au kuzungumza na mtoto kwa namna inayomfunza kusikiliza.

Inafaa kusemwa pia, kwani madaktari husahau, kwamba si kila mtoto kiziwi atafaidika na kifaa, na kwamba kungoja kifaa si sababu ya kumnyima mtoto lugha. Miaka ya mwanzo ya ubongo haingoji. Mtoto anayefikisha miaka sita bila lugha ya kusema wala ya alama amepata ulemavu wa pili, huu ukiwa umesababishwa na watu wazima. Mwalimu mahiri humwanzishia lugha ya alama mapema, na haoni mgongano wowote kati yake na shimesikio.

Kwa ulemavu mwingine hoja ni ileile, ingawa sura hubadilika. Ipo aina ya kifafa ambayo mtoto haanguki wala hatoi povu. Hukodoa macho tu kwa sekunde kumi au ishirini, mara nyingi kwa siku, kisha huendelea kuandika kana kwamba hakuna kilichotokea. Kliniki huenda isilione tukio hilo hata mara moja. Mwalimu mwenye saa na daftari anaweza kuyahesabu. Anaweza pia kumweleza daktari kwamba tangu mtoto aanze fenobabitoni anasinzia hadi mapumziko, au kinyume chake hatulii kabisa, mambo yote mawili yakijulikana kuwa madhara ya dawa hiyo. Kuhusu mtindio wa ubongo, lugha yenyewe huchangia mkanganyiko: wengine hulitumia jina hilo kwa ulemavu wa akili, wengine kwa tatizo la mjongeo litokanalo na jeraha la ubongo mchanga. Wapo watoto wa kundi hili la pili ambao mikono na ulimi vimewakatalia lakini akili zao ni timamu kabisa. Mwalimu asiyejua kupima akili ya mtoto asiyeweza kusema wala kushika kalamu atamweka kundi la kwanza, na atakaa humo maisha yake yote.

Nchi nyingine zimelitambua hitaji hili kisheria. Finland humtaka mwalimu wa elimu maalumu awe na shahada ya uzamili. Uingereza, katika England, mwalimu wa darasa la viziwi au la wasioona hutakiwa kupata sifa ya ziada juu ya ualimu wake wa kawaida, kwa kawaida ndani ya miaka 3 tangu aanze kazi hiyo. Nchi hizo zina fedha, ni kweli. Lakini pia ziliamua kwamba kumfundisha mtoto mwenye ulemavu ni kazi ya kitaalamu inayozidi huruma na subira, sifa mbili ambazo katika jamii zetu mara nyingi hutajwa kana kwamba zinatosha.

Mafunzo yetu yana kasoro ambazo hazina budi kuzungumzwa. Tasnifu nyingi mno huishia kuuliza kwa dodoso "mitazamo ya walimu" au "changamoto za elimu jumuishi" katika wilaya fulani, na huhitimisha kwamba changamoto zipo na serikali iongeze vifaa. Ni chache zinazojaribu njia fulani ya kufundisha kwa watoto halisi na kupima iwapo imefaulu. Mazoezi ya vitendo hufanyika shuleni pekee. Ni nadra mwanafunzi wa uzamili kukaa hata wiki mbili katika kliniki ya masikio, ya macho au ya mishipa ya fahamu ya watoto, na ni nadra zaidi kwa daktari anayesomea ubingwa kukaa hata siku moja katika kitengo cha elimu maalumu. Kisha lipo tatizo la muundo wa utumishi: mwalimu akishapata shahada hiyo, njia ya kupanda cheo mara nyingi humtoa darasani, akawa ofisa au mhadhiri. Hawezi kulaumiwa, maana ana familia. Ila mtoto aliyemsukuma kwenda kusoma hubaki na mwalimu mwingine anayeanza upya.

Hospitali nayo ina sehemu yake, na hiyo inaweza kurekebishwa bila bajeti. Cheti chenye 6/60 pekee hakimsaidii mwalimu. Kingemsaidia kama kingeongeza mistari mitatu: mtoto anasoma herufi za ukubwa gani kwa karibu; mwanga unamsumbua kiasi gani, na aruhusiwe kuvaa kofia darasani; hugeuza kichwa upande upi, naye aachwe augeuze. Kwa usikivu, nakala ya audiogramu iende shuleni, ikiambatana na neno juu ya sikio lililo bora zaidi, ili mtoto akalishwe upande unaofaa. Kwa kifafa, yaandikwe majina ya dawa, saa za kumeza, na nini cha kuangaliwa. Barua hiyo iandikwe kwa Kiswahili. Mzazi asipoipewa, aiombe. Ni haki yake.

Mzazi asiyejua ampelekee nani anaweza kuanzia katika ofisi ya elimu ya halmashauri yake, kwa ofisa anayeshughulikia elimu maalumu, na kuuliza ni shule ipi ya karibu yenye mwalimu aliyesomea ulemavu wa mtoto wake na kwa ngazi gani. Majibu hutofautiana sana kati ya wilaya na wilaya. Pale anapopatikana, mwalimu huyo aombwe aandike naye ukurasa mmoja wa kurudi kliniki, ubandikwe ndani ya daftari la mtoto: amekodoa macho mara ngapi wiki hii, saa ngapi, hasikii s akiwa mita 2, ameanza kusoma maandishi makubwa, lakini huchoka baada ya dakika kumi na huinamia upande wa kulia.